Daraja linalotwekwa kama tanga: lingetufaa Pangani?

#1 Mzee wa Bweni

Salaam wakuu. Humu mimi ni msomaji tu, kuandika si kazi yangu. Lakini juzi nikisubiri kivuko upande wa Pangani mjini, vijana wawili walikuwa wanabishana, na nilipotaka kutia neno kivuko kikafika, kila mtu akakimbilia nafasi yake. Neno limenibaki kooni siku tatu.

Mmoja alikuwa anasema hili daraja jipya la mto Pangani, la mita 525, wangeliwekea kipande cha katikati kinachopanda juu, jahazi zikapita na milingoti yake, kisha kikashuka magari yakaendelea. Mwenziwe akamcheka: daraja lipande juu, kwani ni lifti?

Ndiyo, mwanangu. Ni lifti. Nimepita chini yake.

Miaka ya tisini nilikuwa oila, yaani mtu wa kutia mafuta na grisi kwenye mashine, katika meli ya mizigo. Safari moja tulipakia chumvi, si ya kula, ile wanayomwaga barabarani theluji ikiganda, tukaipeleka Portsmouth, jimbo la New Hampshire, Marekani. Mji umekaa mdomoni mwa mto Piscataqua. Mto ule ni kama wetu, bahari inaingia na kutoka humo, maji yanajaa na kupwa. Ila mkondo wake, wallahi, sijauona kwingine. Boya limelala ubavu kama limechoka. Rubani alikataa kutuingiza mpaka maji yasimame, ule muda mfupi baada ya kujaa kabla hayajaanza kutoka. Tagi mbili, zile boti za kuvuta meli, zimetushika, na mbele yetu daraja limeziba njia yote.

Linaitwa Memorial Bridge. Lilifunguliwa mwaka 1923, kumbukumbu ya askari wa jimbo lile waliokufa katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Ng'ambo ya pili ni Kittery, jimbo jingine, Maine. Minara miwili ya chuma, na katikati yake kipande cha mita 90 hivi ambacho magari hupita juu yake. Honi ikalia, mageti yakafungwa, magari yakasimama huku na huku. Halafu kile kipande kikaanza kupanda. Hakikufunguka kama mlango wala hakikuinamisha kichwa, kilipanda kikiwa kimelala vilevile, kama sinia la chai mtu analiinua kwa mikono miwili. Nilitoka chumba cha mashine kwa ruhusa ya chifu dakika tano tu, nikasimama nyuma ya meli shingo juu, baridi inanikata masikio.

Sasa mtaniuliza nguvu ya kuinua chuma chote kile inatoka wapi. Waliozaliwa pwani nitawaeleza kwa maneno mawili: gofia (gurudumu la kupitishia kamba) na henza (kamba ya kupandishia tanga). Ukitweka tanga, henza inapita kwenye gofia juu ya mlingoti, watu wanavuta huku, foromali, ule mti unaobeba tanga, inapanda kule. Daraja lile ni hivyohivyo, ila mahali pa wavutaji wametundika jiwe kubwa la saruji, kila mnara na lake, na mawe yote mawili kwa pamoja yana uzito sawa na kile kipande. Daraja likipanda, mawe yanashuka ndani ya minara. Mota haibebi daraja. Inasukuma mizani ambayo tayari imesimama sawa, na adui yake ni msuguano tu.

Swali langu kwenu, hasa mafundi: tungejengewa kitu kama kile hapa Pangani, tungekiweza? Mimi nina jibu langu, ila nataka kuwasikia kwanza.

#2 Mla Mabuyu

Nimeketi mbele kabisa. Mzee tupia picha.

#3 Kijana wa Ngamiani

Shikamoo mzee. Uzi umetulia. Swali la kitoto: umeme ukikatika daraja likiwa juu? Maana mimi najua mgao.

#4 Mzee wa Bweni

Marahaba. Wana jenereta. Lakini swali lako si la kitoto, ni swali lenyewe. Picha ipo kwenye sanduku, nitaitafuta.

#5 Binti Raskazone

Shikamoo baba. Umenikumbusha mbali, na mimi ni wa Tanga kabisa, Raskazone, ila nipo Middlesbrough, Uingereza, nahudumia wazee. Hapa lipo la aina hiyohiyo, nalipita nikienda kazini. Linaitwa Newport Bridge, juu ya mto Tees.

Yule Kijana wa Ngamiani ameuliza umeme. Mzee mmoja ninayemhudumia alinisimulia mpaka nikaenda kusoma mwenyewe. Lilifunguliwa Februari 1934, aliyelifungua ni yule aliyekuja kuwa Mfalme George wa Sita, wakati huo bado ni Duke wa York. Kipande kinachopanda kina urefu wa mita 82 na uzito wa tani 2,700, na kilikuwa kinapanda hadi mita 30 juu. Umeme ukikatika kulikuwa na injini ya petroli. Na injini ikigoma? Kulikuwa na winchi ya mkono. Watu 12 wakizungusha, kazi ya saa 8 mfululizo.

Zamani meli zilikuwa nyingi, miaka ya arobaini na hamsini lilifika kupanda mara 800 kwa mwezi. Halafu meli zikahamia mdomoni mwa mto, kwenye kina, huku juu zikaadimika. Mara ya mwisho limepanda Novemba 1990. Tangu hapo limefungwa palepale chini, magari yanapita siku zote, limepakwa rangi ya kijani, linapendeza. Wageni hawajui hata kama liliwahi kusogea. Yule mzee anasema akilala anasikia bado ile honi.

#6 Kijana wa Ngamiani

Watu 12 saa 8! Hapo gari la mchanga lipo kwenye foleni, dereva kashapika ugali, kala, kalala, kaamka.

#7 Mla Mabuyu

Na hakuna aliyetupia picha.

#8 Fundi Mizani

Shikamooni wazee. Mimi nasoma uhandisi, mwaka wa nne. Mzee wa Bweni umeeleza gofia vizuri kuliko mwalimu wangu, na hilo nalisema bila utani.

Niongeze kidogo. Wanaosema madaraja haya ni vitu vya kizamani vinavyokufa wakamwangalie mzee mwingine huko Portland, jimbo la Oregon. Hawthorne Bridge, la mwaka 1910. Limeshapita miaka 100 na bado linapanda na kushuka. Walilifunga zaidi ya mwaka mmoja, 1998 hadi 1999, wakalikarabati na kulipaka rangi upya, likarudi kazini. Aliyechora Memorial Bridge, J.A.L. Waddell, ndiye aliyejenga la kwanza kubwa la aina hii pale Chicago mwaka 1894, na ofisi yake ndiyo iliyochora hilo la Portland. Kwa hiyo umri peke yake hauui daraja.

Kinachoua ni mizani kupotea. Nawapa mfano ambao watu hawaufikirii. Barabara juu ya kile kipande imechakaa, mkandarasi anamwaga lami mpya juu ya ile ya zamani, anaondoka zake. Ameshaongeza tani kadhaa upande mmoja wa mizani. Usipoongeza uzito kwenye yale mawe, kuanzia siku hiyo mota inabeba kitu ambacho haikuundwa kukibeba, gia zinaumia, breki zinaumia. Hata rangi ina uzito, makoti ya miaka 50 ni mengi. Na upande wa pili ni hivyohivyo: ukipunguza uzito sana, daraja halitaki kukaa chini, linarukaruka kwenye viti vyake gari zito likipita.

Nyingine ni kwenda upande. Kamba za mnara wa kushoto zikivutika zaidi ya za kulia, kile kipande kinapanda kimeinama, kinakwama kwenye reli zake, na hapo hakipandi wala hakishuki.

Ila yote hayo yanazuilika kwa ratiba. Mimi nasema tungeliweza. Tuache kujidharau.

#9 Mzee wa Bweni

Fundi Mizani, marahaba, na Mungu akufikishe mwaka wa tano. Umesema kweli tupu kuhusu lami. Lakini hapo Portland umenipitisha njia ya mkato. Mto wao uko mbali na bahari, maji yale ni maji baridi. Maji kupanda na kushuka wanayaona kidogo, lakini chumvi haifiki. Muulize fundi yeyote wa boti hapa Pangani: injini ya Pangani na injini ya Korogwe, mto mmoja huohuo, ipi inakula kutu?

Nikueleze lile la kwangu liliishaje, maana nililifuatilia kwenye mtandao miaka yote kama mtu anavyofuatilia habari za ndugu aliyehamia mbali.

Julai 2011 walilifunga, magari marufuku. Kutu ilikuwa imekula vyuma kiasi kwamba halikuwa salama tena kwa magari. Mwanzoni mwa 2012 wakaanza kulibomoa. Sasa sikilizeni. Mji ule ulikuwa na la pili la kupanda, juu kidogo ya mto, Sarah Mildred Long, la mwaka 1940, gari juu na treni chini yake. Nalo zee. La kwanza lilipofungwa, mzigo wote wa magari ukahamia kwa huyu. Aprili 2013 meli ya mafuta ikakata kamba gatini, mkondo ule ule niliowaambia ukaibeba ukaipigiza ubavuni mwa daraja. Likafungwa wiki kadhaa. Jipya la Memorial halijawa tayari, hilo limevunjika mbavu, watu wakabaki na daraja moja tu la barabara kuu, refu, la juu, lisilosogea. Jipya likafunguliwa Agosti 2013. Yule Sarah akatibiwa, akaendelea kukohoa mpaka Agosti 2016, siku moja akapanda kidogo akakwama hapohapo. Hakurudi tena kubeba gari. Jipya lake limefunguliwa 2018.

Hao ni watu wenye viwanda vya chuma na wana ratiba, mwanangu, na wana fundi ambaye kazi yake maisha yote ni kupaka grisi tu. Na bado chumvi imewashinda mara mbili katika mji mmoja.

Mimi nilikuwa oila. Oila ni nani? Ni mtu wa mwisho kwenye orodha ya meli, mshahara wake wa mwisho, na akikosa kazi yake siku tatu meli inasimama. Nimefanya kazi kwenye meli ambayo bajeti ikibana, cha kwanza kukatwa ni grisi. Si mafuta ya kuendeshea, la, maana hayo yakikosekana utaona leoleo. Grisi ikikosekana utaona baada ya miaka mitatu, na aliyeikata ameshahamishwa.

Kwa hiyo jibu langu ndilo hilo. Daraja la kupanda si daraja, ni meli iliyosimama wima. Linataka mabaharia. La kwetu la zege, la juu, lisilosogea, wacha liwe hivyohivyo.

#10 Dereva wa Segera

Mzee umenifurahisha. Mimi sijui minara wala gofia, najua mto Wami. Lile daraja la zamani, la 1959, njia moja, unasubiri mwenzako avuke na wewe unashuka mlima na tani 30 mgongoni, breki zinanuka. Hili jipya la mita 513.5 tangu 2022 napita nikisikiliza taarabu. Madaraja yanayomfanya dereva asubiri mimi sina hamu nayo, hata yawe ya dhahabu.

#11 Mama Saadani

Wanaume mnabishana vyuma. Mimi nauliza hesabu. Nachukua samaki Pangani nawapeleka Bagamoyo, barafu kwenye ndoo inayeyuka. Hilo daraja lenu la lifti, kila jahazi likitaka kupita mnanisimamisha? Jahazi ngapi zinaingia mto Pangani siku hizi, na gari ngapi zitapita barabara ikikamilika, kilomita 256 kutoka Tanga mpaka Bagamoyo? Benki ya Maendeleo ya Afrika haikutoa hela ili mimi nisimame nimwangalie nahodha akipita na mikungu ya ndizi.

#12 Mtoto wa Nahodha

Mama Saadani kwa heshima yako, shikamoo. Huyo nahodha na mikungu yake ni baba yangu. Mnasema jahazi ngapi kama kwamba zimepungua zenyewe. Mto huu ulikuwa njia kabla barabara haijawa njia. Pembe zimepita hapa, sukari imepita hapa, nazi kavu imepita hapa. Sisemi daraja lisijengwe, baba mwenyewe analisubiri, dada yangu alijifungulia kwenye foleni ya kivuko. Ninachosema ni kwamba mnavyopima daraja, mlingoti nao upimwe siku ya bamvua, maji yamejaa kabisa. Pwani yetu bamvua linapandisha maji zaidi ya mita 3 ukilinganisha na yakikupwa. Mtu akipima nafasi ya kupita chini ya daraja siku ya maji mafu, yale yasiyojaa sana, amepima uongo.

#13 Mama Saadani

Marahaba baba. Hilo la bamvua nimelikubali. La mikungu naomba radhi, msalimie.

#14 Fundi Mizani

Mtoto wa Nahodha yupo sahihi, ndivyo inavyopimwa, kutoka kwenye maji ya juu kabisa. Na nimkumbushe Mzee wa Bweni kwamba hatuhitaji kwenda Marekani. Mombasa pale Liwatoni, daraja la kuelea la waenda kwa miguu lililofunguliwa 2021 lilikuwa na kipande cha katikati kilichoondolewa meli zikitaka kuingia. Na Nyali kabla ya daraja la 1980 watu walivuka juu ya daraja la kuelea. Pwani hii vyombo vya kusogea tumeshavizoea.

Kwenye grisi nimenyamaza. Sina jibu.

#15 Kuli Mstaafu

Assalaam alaikum. Nimefanya kazi bandari ya Tanga tangu enzi meli zinatia nanga kule nje na sisi tunakwenda na matishari, vile vyombo bapa vya kubebea mizigo, kuchukua mzigo. Leo wamechimba, kina cha gatini kimetoka mita 3 hadi 13, meli inafika mpaka mlangoni. Wacha niseme la kamba, maana kamba naijua.

Kamba ya chuma watu wanaiona chuma tupu. Ikate uone. Nyuzi za chuma zimesokotwa mafungu kwa mafungu, na katikati kabisa, moyoni, mara nyingi kuna kamba ya nyuzi za mmea. Na mmea wenyewe mara nyingi ni mkonge. Mkonge wakuu! Huu wetu. Wanauchovya kwenye grisi, wanausokotea chuma kuzunguka. Kamba ikikazwa, moyo unabanwa, unatoa grisi kidogokidogo kwenda kwenye nyuzi za chuma. Kwa hiyo kamba inajipaka mafuta yenyewe kutoka ndani. Moyo ukikauka, nje inang'aa na ndani inasagana chuma kwa chuma. Tulikuwa tunaiinamia, tunapitisha kipande cha gunia juu yake. Uzi uliokatika unanasa gunia. Zikizidi idadi, kamba inatupwa hata kama machoni ni mpya.

Daraja la mzee linaning'inia kwenye kamba za namna hiyo mchana na usiku, maana yale mawe hayapumziki, daraja liwe juu au chini. Winchi yangu ilikuwa inapumzika Ijumaa.

#16 Mzee wa Bweni

Wa alaikum salaam. Kuli, umenitoa machozi ya furaha. Nimepaka grisi kamba miaka yote ile na sijawahi kumwambia mtu kwamba naupaka mafuta mmea wa nyumbani.

Wajukuu labda hamjui: mkonge hapa haukuota wenyewe. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, iliyofika mizima ni 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, ng'ambo hii hii yetu, kusini mwa mto. Kutoka kwenye hiyo 62 ndiyo mashamba yote mnayoyaona mpaka Korogwe. Nikisimama kwangu nikiangalia nguzo za daraja jipya, Kikogwe ipo nyuma ya kisogo changu.

#17 Kijana wa Ngamiani

Daaah. Humu nilikuja kutafuta uzi wa mpira, wa Coastal Union.

Mzee la mwisho. Hilo la 1923, kile kipande cha katikati walikishushaje? Walikikata vipande?

#18 Mzee wa Bweni

Kilitolewa kizima, Februari 2012, kwa tishari. Kuli anaijua kazi hiyo. Unalileta tishari chini ya daraja maji yakiwa yamekupwa, unaweka magogo ya chuma mpaka yanakaribia kugusa. Halafu unakaa, unakunywa kahawa. Maji yanajaa, tishari linapanda, linabeba kipande kutoka kwenye viti vyake. Unakivuta pembeni taratibu kabla maji hayajabadili nia. Kamba zilikuwa zimeshafunguliwa.

#19 Kuli Mstaafu

Naam. Na ukichelewa nusu saa, umekwisha.

#20 Mla Mabuyu

Picha, mzee. Picha.

#21 Mzee wa Bweni

Mjukuu amefungua sanduku leo asubuhi. Picha ipo, imeingia unyevu kidogo. Inaonekana mnara mmoja, nusu ya jiwe, na kidole gumba changu. Ataituma akipata bando.